Kivuli cha Wajenzi

Someni Yona 4:6-8.

Mti uliomfunika Yona ulipokauka, jua lilimpiga kichwani akazimia. Basi ninyi mnaojenga kanisa, shule au nyumba, kabla ya kuweka msingi jengeni kibanda cha kivuli kwa wafanya kazi.

Mahagi-Port iko kando ya Ziwa Albert, karibu mita 620 tu juu ya bahari. Mtu aliyeshuka kutoka milimani hajazoea joto hili. Juma la kwanza apewe kazi nyepesi, aongezewe kidogo kidogo.

Simikeni miti minne, ezekeni nyasi, acheni pande wazi ili upepo wa ziwa upite. Wekeni humo mtungi wa maji yaliyochemshwa, wenye kifuniko. Kila mtu anywe kikombe kimoja kila dakika 20, hata asipoona kiu, maana mwili hujipoza kwa jasho. Saa za jua kali wote wapumzike.

Mtu akiumwa kichwa au akiona kizunguzungu, alale kivulini, anywe maji. Lakini mwili ukiwa moto sana, naye akisema ovyo au akizimia, yu karibu na kufa. Mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, mpelekeni hospitali upesi. Aliyezimia msimnyweshe kitu.

Ukuta ukikawia siku moja, utajengwa kesho. Baba akifa, nani atamrudisha kwa watoto wake?

Maulizo:
1. Kwa nini pande za kibanda ziachwe wazi?
2. Utajuaje kwamba joto linataka kumwua mtu?
3. Wajenzi wako wanapumzika wapi leo?