"Nilipe milioni nne nikajitolee Nepali?"

*Shangazi, mimi ni binti wa miaka 24, naishi Kariakoo. Nimemaliza stashahada ya uuguzi na ukunga, leseni ninayo, ila ajira bado. Nimepata nafasi ya kwenda kujitolea Nepali miezi mitatu, afya ya mama na mtoto vijijini, lakini natakiwa kulipia shilingi milioni nne, tiketi mbali. Mama anauza vitenge Mtaa wa Kongo na amekubali kunipa fedha yake ya kikoba. Baba anasema ni utapeli. Mimi nataka kusaidia na kupata uzoefu. Niende? – Binti wa Aggrey*

Mwanangu, huenda baba yako amekosea kuhusu utapeli. Kuwauzia vijana safari za kujitolea ni biashara halali katika nchi nyingi, na pengine ukilipa utafika, utalala pazuri na utarudi na cheti. Wasiwasi wangu uko kwenye kazi yenyewe. Kumsaidia mama na mtoto majumbani ni kazi ambayo mgeni wa miezi mitatu, hata awe na moyo mweupe namna gani, haiwezi, na wewe mkunga nadhani unajua kwa nini.

Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza kwamba mama mjamzito hufa kwa sababu ya kuchelewa mara tatu: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Kule kuchelewa kwa kwanza hutokea sebuleni. Kichwa kinamuuma, miguu imevimba, anaona maruweruwe, na wifi anasema huo ni uchovu wa mimba, tulale tuone kesho. Kifafa cha mimba hakisubiri kesho. Anayeweza kuugeuza uamuzi huo ni mtu anayezungumza lugha ya nyumba ile, anayejua ndani ya nyumba ile nani ndiye mwenye neno la mwisho na nauli iko mfukoni mwa nani, na ambaye wiki ijayo atarudi kuuliza kama mgonjwa alikwenda. Wewe Nepali utakuwa na mkalimani, na wiki ijayo utakuwa kijiji kingine. Wanepali wenyewe waliliona hilo mapema: mwaka 1988 walianzisha mpango wa wanawake wanaojitolea katika vijiji vyao wenyewe, na leo wako kama 50,000. Sasa jiulize wewe utaongeza nini.

Utasema kwetu hali ni nzuri zaidi, kwa hiyo ni haki kwenda kwa wenye shida. Tazama takwimu. Utafiti wa Demografia na Afya wa 2015-16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukatoa 104. Makadirio ya mashirika ya Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2020 yalikuwa 238, kwa hiyo usiimeze namba moja kama dawa, ingawa mwelekeo ni wa kushuka. Katika kipindi hichohicho waliojifungulia kwenye vituo vya afya walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Hata vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilishuka, kutoka 67 hadi 43 kwa kila 1,000. Lakini angalia vifo vya wachanga wa siku 28 za mwanzo: vilikuwa 25, vikawa 24. Hapo tumekwama, na ndizo siku ambazo mtoto yuko ndani na mama yake yuko kwenye arobaini, hawaonekani na mtu wa kliniki isipokuwa aliyebisha hodi. Ndiyo maana Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuwafundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 katika miaka mitano, wanaotoka kwenye vitongoji na mitaa yao. Wahudumu hao wanahitaji wauguzi wa kuwasimamia, watu wenye elimu uliyoisomea.

Na Kariakoo yako ina shida ambayo mpango huo unapata taabu kuifikia. Huduma za majumbani hupangwa kwa kaya, na Kariakoo ya mchana si Kariakoo ya usiku. Mama ntilie mwenye mimba ya miezi saba, anayekoroga uji pembeni ya Mtaa wa Msimbazi saa kumi na moja alfajiri, analala Mbagala au Gongo la Mboto. Kadi yake ya kliniki iko huko. Mhudumu wa huko akibisha hodi mchana hamkuti. Wa hapa hana jina lake kwenye daftari kwa sababu si mkazi. Hospitali ya Mnazi Mmoja iko mwendo wa miguu kutoka kwenye jiko lake, lakini akienda kupanga foleni asubuhi, chapati zinalala na wateja wanahamia kwa jirani. Anahitaji mkunga anayejua hesabu hiyo, atakayemfuata pale pale jikoni baada ya wateja wa asubuhi, amweleze dalili za hatari na kumwandikia namba 115 ya m-mama, isiyo na malipo, kwa usafiri wa dharura.

Najua hoja inayofuata: mbona wazungu wanakuja kwetu kila mwaka na tunawapokea? Tunawapokea, naam, na wengi hawadhuru mtu. Lakini kumbuka Jinja, Uganda, ambako Mmarekani Renée Bach aliendesha kituo cha watoto wenye utapiamlo bila kuwa na mafunzo ya udaktari wala uuguzi. Mwaka 2019 kina mama wawili, wakiungwa mkono na shirika la kisheria la Women's Probono Initiative, walimshitaki wakisema watoto wao walikufa. Alikanusha, na mwaka 2020 shauri lilimalizwa kwa makubaliano ya fidia bila yeye kukiri kosa. Wewe elimu unayo, lakini leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania haikupi ruhusa ya kumgusa mgonjwa Nepali. Utakuwa mtazamaji aliyelipa kiingilio, au utafanya kazi usiyo na kibali nayo.

Hoja ya uzoefu ndiyo ngumu, na sitaipuuza. Kujitolea hapa nyumbani mara nyingi ni nauli tu, wakati mwingine hata nauli hakuna, na vijana wanakaa miaka wakisubiri ajira. Hilo ni doa kwa wanaoajiri. Lakini miezi mitatu ya Nepali haikupeleki mbele ya foleni hiyo. Atakayekusaili atakuuliza umezalisha wangapi, nani alikusimamia, na barua yake iko wapi. Sehemu ya milioni nne hizo inatosha nauli za mwaka mzima hadi kwenye wodi ya wazazi au kliniki itakayokupokea kwa maandishi, chini ya mkunga mwenye jina.

Nje utakwenda, ila uende kama mtaalamu. UNV, mpango wa kujitolea wa Umoja wa Mataifa, na Madaktari Wasio na Mipaka huchukua Watanzania. Huomba uzoefu, hawatozi ada, tena wao ndio wanaokulipa.

Kama bado moyo unavutwa, waandikie hao wa Nepali leo, uwaulize baraza la uuguzi la kule litakupa kibali gani, na mkunga gani atakusimamia, kwa jina. Wasipokujibu kwa maandishi, mwachie mama fedha yake aagize mzigo.