KIJANA ANAYEOGOPA USIKU: TUMSAIDIEJE?

Somo letu la leo linahusu hofu ya usiku kwa vijana wa miaka 13 hadi 18.

Mtoto wa miaka 4 akilia gizani, mama humbeba. Hakuna anayeshangaa. Lakini kijana wa miaka 15 akisema, "Naogopa kwenda chooni peke yangu," nyumba nzima humcheka. Baba humwambia, "Mbona dume zima unaogopa giza?" Basi kijana hunyamaza. Anabana haja mpaka alfajiri. Anakaa macho akisikiliza kila kishindo. Asubuhi anasinzia darasani, na mwalimu anamgombeza kwa uvivu. Msichana naye huacha kunywa maji tangu jioni ili asitoke nje usiku. Kubana haja na kukosa maji kunadhuru afya.

Vijana hawa si wavivu wala si waoga wa kuzaliwa. Wanahitaji msaada, na msaada huo tunao majumbani mwetu.

HOFU NI NINI?

Hofu ni mlinzi wa mwili. Ukikutana na nyoka njiani, moyo hupiga mbio, pumzi huwa fupi, jasho hutoka, na miguu huwa tayari kukimbia. Hayo yote hutokea kabla hujafikiri. Hofu ya namna hiyo huokoa maisha.

Lakini mlinzi huyu hukosea mara nyingine. Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Usiku jicho halioni vizuri, kwa hiyo sikio na mawazo hufanya kazi zaidi. Panya akipita darini, mawazo husema ni mtu. Moyo unapiga mbio sawasawa na siku ile ya nyoka, ingawa nyoka hayupo. Kijana hadanganyi. Mwili wake kweli unaona hatari.

KWA NINI VIJANA?

Wakati wa kubalehe mwili hubadilika, na saa ya usingizi nayo hubadilika. Kijana huchelewa kupata usingizi kuliko mtoto mdogo. Wengine mnakoroma, yeye yu macho gizani peke yake. Hapo ndipo mawazo humjia: mtihani, karo, ugomvi wa wazazi, msiba wa bibi yake. Mchana kazi na marafiki humsahaulisha. Usiku hakuna cha kumsahaulisha.

JINAMIZI

Wapo vijana wanaosema, "Usiku kitu kimenikalia kifuani. Naona na kusikia, lakini siwezi kusogea wala kupiga kelele." Jambo hili tunaliita jinamizi, na mara nyingi huanza katika ujana. Tuseme wazi linavyotokea. Mtu akiota, mwili hulegezwa ili asiinuke na kukimbia ndotoni. Mara nyingine akili huamka kabla mwili haujafunguliwa. Kwa sekunde au dakika chache mtu yu macho lakini hawezi kusogea. Kisha huisha lenyewe. Humpata zaidi mtu asiyelala vya kutosha, au anayelala chali.

Mwaka 1995 watu wengi wa Pemba na Unguja waliingiwa na hofu ya kitu walichokiita Popobawa. Wengi waliacha vyumba vyao wakalala nje kwa makundi, wamewasha moto. Baadhi walieleza kwamba waliamka wakajiona wamekandamizwa, hawawezi kusogea. Wataalamu waliochunguza habari hizo waliona zinafanana sana na jinamizi. Kadiri habari zilivyosimuliwa, ndivyo hofu ilivyoenea. Hofu huambukiza kama mafua.

Kwa hiyo, kijana akikabwa na jinamizi, msikimbilie kumtaja jirani kuwa mchawi. Hapa Tanzania wazee wasio na hatia, hasa wanawake, wameuawa kwa maneno ya namna hiyo. Anayesali na asali. Lakini asitafutwe mtu wa kubebeshwa lawama.

KWANZA TAFUTA SABABU

Kabla ya kumwambia kijana ajikaze, mwulize kwa upole mchana, mkiwa wawili: "Mwanangu, unaogopa nini hasa?" Sikiliza mpaka amalize. Huenda ukagundua moja ya mambo haya:

1. Haoni vizuri gizani. Jicho lenye afya huhitaji kama dakika 20 hadi 30 kulizoea giza kabisa. Lakini kijana akijikwaa kila magharibi wakati wenzake wanaona njia, huenda amekosa vitamini A. Apelekwe zahanati. Nyumbani apewe mboga za majani, papai, maembe, viazi lishe vya rangi ya chungwa, mayai na maini.

2. Hatari ni ya kweli. Kama fisi hupita, au njia ya chooni ina majani marefu, hofu yake ni akili. Fyeka njia. Mpe tochi, viatu na fimbo.

3. Kuna mtu anayemtisha. Kijana akiogopa chumba fulani, au akiogopa usiku mtu fulani anapokuwepo nyumbani, usimkemee. Huenda anaumizwa. Mwamini. Toa habari kwa ofisa ustawi wa jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au piga simu namba 116, ambayo ni ya kusaidia watoto na haina malipo.

4. Ana huzuni. Aliyefiwa au aliyeona ajali huota ndoto mbaya. Anahitaji kuzungumza, si kunyamazishwa.

HATUA KWA HATUA

Kama sababu hizo hazipo, au zimekwisha ondolewa, sasa tumzoeze giza. Kijana anayekimbia giza kila siku, hofu yake hukua. Anayesukumwa gizani kwa nguvu, hofu yake pia hukua. Njia nzuri ni ya kati: kidogo kidogo, kwa hiari yake, na mkubwa akiwa karibu.

Hatua ya 1: Mzazi na kijana wasimame pamoja nje ya mlango, tochi imezimwa. Wasirudi ndani moyo unapopiga mbio. Wangoje mpaka utulie. Kungoja huku ndiko dawa yenyewe, maana mwili hujifunza kwamba hofu hupanda kisha hushuka.

Hatua ya 2: Mzazi abaki mlangoni, kijana aende hatua 10 na kurudi.

Hatua ya 3: Kijana afike chooni peke yake akiwa na tochi, mzazi akizungumza naye kutoka mlangoni.

Hatua ya 4: Aende na kurudi, mzazi akiwa ndani.

Kila hatua irudiwe usiku kadhaa mpaka iwe rahisi. Ikimshinda, arudi hatua moja nyuma. Si aibu. Haba na haba hujaza kibaba.

AKIWA KITANDANI

Kijana mwenyewe anaweza kufanya haya:

Avute pumzi polepole akihesabu mpaka 4, na aitoe akihesabu mpaka 6. Afanye hivyo kwa dakika 5. Pumzi ikitulia, moyo nao hutulia.

Mapema jioni aandike katika daftari mambo yanayomsumbua, na moja atakalofanya kesho. Kisha afunge daftari. Na wewe mzazi uliyejua kusoma ukubwani unaweza kukaa naye ukiandika ya kwako. Mawazo yaliyoandikwa hayahitaji kukaririwa usiku kucha.

Aache chai kali na kahawa jioni. Aache picha za kutisha katika simu. Alale na kuamka saa zile zile, kwa maana kijana anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Kama ataamka saa 12 asubuhi, awe amelala saa 3 au saa 4 usiku.

Akitaka mwanga mwanzoni, atumie taa ndogo ya sola. Asiache kibatari kikiwaka karibu na chandarua. Nyumba huungua hivyo.

MAMBO YA KUEPUKA

Usimcheke mbele ya wadogo zake. Usimchape. Usimfungie nje ili azoee. Usimsimulie habari za majini na maiti wakati wa kulala. Kijana aliyetiwa aibu hatakuambia tena linalomsumbua, hata siku litakapokuwa jambo kubwa.

LINI AENDE ZAHANATI?

Mpeleke zahanati ikiwa hofu imeendelea wiki kadhaa, ikiwa hali wala halali, ikiwa ameacha shule, au ikiwa anatumia dawa na ndoto mbaya zimeanza baada ya dawa hizo. Asiache dawa kabla ya kumwuliza mganga. Akisema anataka kufa au kujidhuru, msimwache peke yake, na aende siku hiyo hiyo.

Ndugu wasomaji, usiku ni nusu ya maisha yetu. Kijana asiyepumzika usiku hawezi kusoma, kulima wala kufurahi mchana. Leo jioni muulize mwanao analalaje. Kisha nyamaza, umsikilize.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini moyo hupiga mbio hata kama hakuna hatari?
2. Jinamizi hutokeaje?
3. Njia za chooni hapa kijijini kwetu ni salama usiku? Tufanye nini?
4. Kijana akimwogopa mtu fulani nyumbani, tutampeleka wapi?