Mahafali Yanakuja, Tuongee Fokasi

Msimu wa mahafali, wengi wanaopiga picha hapa chuoni ni wanafunzi wenzetu wenye kamera ya kuazima. Mteja keshalipa, wazazi wake wamesafiri usiku kucha, na ile dakika ya kutoka ukumbini na joho hairudiwi. Kwa hiyo, kabla ya kuchukua hela ya mtu, zijue modi mbili.

Ya kwanza Canon wanaiita One Shot, Nikon na Sony AF-S. Ukibonyeza kitufe cha kupigia nusu, kamera inapima umbali, inaufunga, basi. Hiyo ni ya watu waliotulia: familia imejipanga, mhitimu kakaa na bibi yake. Ya pili ni AI Servo kwa Canon, AF-C kwa hao wengine. Ukishikilia kitufe, kamera inaendelea kumfuata mtu.

Mimi mtu akianza kutembea tu, hata taratibu, nahamia ya pili. Piga hesabu: lenzi ya milimita 50 iliyofunguliwa f/1.8 kwenye kamera ya APS-C, mtu akiwa mita 2, sehemu inayotoka safi ina kina cha kama sentimita 12. Mwendo wa kawaida wa binadamu unazidi mita 1 kwa sekunde. Ukifunga umbali halafu ukasubiri acheke, keshatoka humo. Ukibana tundu la lenzi hadi f/5.6 unapata kama sentimita 35, angalau unapumua.

AF-C nayo ina ukorofi wake. Usishike uso kisha ukageuza kamera ili mtu akae pembeni, itadaka ukuta wa nyuma. Sogeza kidoti chenyewe hadi jichoni. Tena kwa kawaida modi hii inapiga hata kabla haijashika vizuri, kwa hiyo mlio wa kamera usikudanganye.

Na majoho meusi, jamani! Fokasi hutafuta mpaka wa mwanga na giza. Kwenye kitambaa cheusi kitupu lenzi itahangaika mbele na nyuma. Lenga ukingo wa kola. Giza likizidi, zungusha pete kwa mkono.

Modi ya kamera kujiamulia yenyewe siipendi, inabahatisha.

Picha ikitoka na ukungu, ikuze kwenye skrini. Majani ya nyuma yakiwa safi na uso hapana, hiyo ni fokasi. Mikono na miguu ikiwa imeburuzika, hiyo ni spidi ya shata. Panda hadi 1/250 upige tena kabla mteja hajavua joho.