Waya Mweusi Si Lazima Uwe Ethi

Redio ya kaseti niliyoiua kwa mkono wangu ilikuwa nzima kabisa. Nilifunga mweusi kwa mweusi, kijivu kwa kijivu, nikawasha swichi. Harufu ikatangulia sauti.

Nilisahau kwamba gari na redio hazisemi lugha moja. Redio nyingi za dukani hufuata rangi za Kimarekani: njano ni moto wa kudumu, nyekundu moto wa swichi, nyeusi ethi, na kijivu ni chanya ya spika ya mbele kulia. Sasa chungulia nyuma ya dashibodi ya Toyota ya miaka ya 1990. Utakuta soketi mbili, moja ya pini 10 na nyingine ya pini 6. Kwa kawaida humo moto wa kudumu ni buluu yenye mstari wa njano, ethi ni kahawia, na kijivu ndicho moto wa swichi. Mweusi na wa njano? Jozi ya spika ya nyuma kushoto! Anayefuata rangi anapeleka volti 12 kwenye njia ya kutolea sauti.

Kwa hiyo pima. Redio ikiwa nje, shika taa ya kupimia, ile yenye balbu na klipu; bana klipu kwenye bodi. Waya unaowasha balbu hata ufunguo ukiwa mfukoni ni moto wa kudumu. Unaowaka ufunguo ukifika ACC ni wa swichi. Unaosubiri taa ndogo za gari ni wa kuangazia vitufe. Kutafuta ethi, hamishia klipu kwenye chanya ya betri. Naipenda balbu kuliko multimita, kwa sababu multimita husoma 12 hata waya uliobaki uzi mmoja kwa kutu.

Spika nazo, chukua betri ya kurunzi ya volti 1.5, ugusishe jozi ya nyaya mara moja tu. Spika itakwaruza, nawe utajua iko kona ipi. Karatasi yake ikisogea nje, waya uliogusa chanya ya betri ndio chanya ya spika.

Redio isiyo na lebo, fungua kifuniko. Kwenye za zamani unaweza kukuta chipu ya ampu, TDA2003, yenye miguu mitano: wa tatu ethi, wa nne sauti, wa tano moto. Sauti yake hupitia kapasita kubwa kwenda kwenye spika, na hasi ya spika hurudi ethi. Usiige hilo kwenye redio za baadaye za spika nne. Humo kila spika ina nyaya zake mbili, na ukigusisha mmoja kwenye bodi unaweza kuunguza ampu.

Mara ya kwanza kuwasha, pitisha moto kwenye balbu ya breki ya wati 21. Ikiwaka kwa nguvu zote, chomoa, kuna shoti. Ikififia, itoe na uweke fyuzi ya kiasi kilichoandikwa nyuma ya redio.

Na kama redio imekuja na gari kutoka Japani, ikalia vizuri lakini stesheni za juu hazipatikani, usirudi kufungua nyaya. FM ya redio hizo za zamani huishia MHz 90.