Kanuni ya Mwanga wa Flashi katika Picha za Chumbani

Tumbi, Kibaha, ndipo lilipo Shirika la Elimu Kibaha, lililoanzia mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Nordiki. Penye shule hapakosi kazi ya picha za vitambulisho. Tuchukue mfano wa mpiga picha aliyeombwa kuwapiga wanafunzi 40, mmoja mmoja, chumbani, kwa flashi. Picha zinapotoka, nyuso za waliovaa mashati meupe zimeingia kiza hata macho hayaonekani, na za waliovaa masweta ya rangi nzito zimefifia kwa mwanga mwingi. Kitambulisho kisichomtambulisha mwenyewe hakina kazi. Je, kosa liko wapi?

Kosa la kwanza ni kuiachia flashi ijipimie mwanga. Kipimaji chake hupokea mwanga unaorudi kutoka kwa kila kilicho mbele yake, nacho hakijui lipi ni shati na upi ni uso. Shati jeupe hurudisha mwanga mwingi, na flashi huzimika mapema. Sweta jeusi hurudisha mwanga kidogo, na flashi huendelea kuwaka kupita kiasi. Dawa yake ni kuiweka flashi katika nguvu moja isiyobadilika.

Kosa la pili ni umbali. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: umbali ukizidi mara 2, mwanga unaofika usoni hubaki robo. Hata kutoka meta 2 hadi meta 2.8 nusu yake hupotea. Basi kiti kiwekwe mahali pamoja, kitiwe alama ya chaki sakafuni, na flashi isisogezwe.

Ukubwa wa tundu la lenzi hupatikana kwa kugawa namba ya mwongozo, iliyomo katika kijitabu cha flashi, kwa umbali. Ikiwa namba hiyo ni 32 kwa meta, katika ISO 100, na umbali ni meta 2, tundu litakuwa f/16. Kwa meta 4 litakuwa f/8. Hata hivyo, ipigwe kwanza picha ya majaribio, maana kuta nyeupe huongeza mwanga na kuta nyeusi huumeza.

Mwisho, haraka haifai. Kitaa cha flashi huweza kuwaka kabla kapasita haijajaa kabisa. Ngojea sekunde chache zaidi, hasa betri zikianza kuchoka.

Ashikaye nguvu moja, umbali mmoja na tundu moja atapata nyuso 40 zenye mwanga mmoja, kila mtu kwa rangi yake mwenyewe.