FILME ZA KUNAKILIWA: HASARA INAHESABIWA NAMNA GANI?



Siku moja kalasi ya mwaka wa tano iligawanyika juu ya diski moja ya filme, iliyonunuliwa sokoni kwa franka kidogo. Mmoja alisema: «Hii ni wizi.» Mwenye diski akajibu: «Nimeiba nini? Watu wa Hollywood wako na miliari za dola. Na mimi, hata nikikosa diski hii, nitalipa tikiti yao wapi?» Kweli, kwetu nyumba za sinema nyingi zilifungwa, zingine zimegeuka kuwa nyumba za maombi, na hatulalamiki juu ya hilo. Lakini tuliona kwamba maneno hayo iko na hesabu ndani yake. Basi tuifanye.

Tuseme diski 100 za kunakiliwa zimeuzwa, na tikiti ya sinema ni dola 10. Mtu wa haraka ataandika: 100 × 10, dola 1000 zimepotea. Hesabu yake inadai kwamba wanunuzi wote 100 wangelipa tikiti. Kama ni 5 tu wangelipa, hasara ni dola 50. Angalieni vizuri: ni 50, siyo 0. Mabishano yote yanasimama katikati ya namba hizo.

Wenye filme wa Marekani walianza kuogopa zamani. Mwaka 1976 Universal na Disney walishitaki Sony juu ya Betamax, mashini ya kunakili televizyo nyumbani. Mwaka 1982 Jack Valenti, mkubwa wa chama chao, alikwenda mbele ya wabunge kueleza kwamba mashini hiyo itaua kazi yao. Mwaka 1984 waamuzi wa tribinali ya juu, 5 kwa 4, walikubali upande wa Sony. Nini ilifuata? Kabla ya mwaka 1990 kaseti zilikuwa zinawaingizia feza kupita mlango wa sinema. Walitaka kufukuza ngombe aliyekuja kuwapa maziwa.

Iko mfano mwingine, na huu tunaupenda zaidi. Chama hicho kilitangaza, kwa kufuata uchunguzi wa mwaka 2005, kwamba 44 kwa mia ya hasara ya ndani ya Marekani inatoka kwa wanafunzi wa vyuo vikuu. Mwaka 2008 kilikiri kosa: ni karibu 15 kwa mia. Namba ikitoka kwa mkubwa, nayo inafaa kuhesabiwa tena.

Tena filme Avatar ya mwaka 2009 ilinakiliwa sana kupitia intaneti, na hata hivyo iliingiza zaidi ya dola miliari 2 na nusu.

Mwenye diski asifurahi mbio. Walimu wawili, Rob na Waldfogel, waliuliza wanafunzi wa chuo kikuu cha Pennsylvania juu ya filme walizotazama. Waliona kwamba filme iliyotazamwa bure mara ya kwanza iliondoa karibu filme moja ya kulipiwa. Wale vijana walikuwa na feza, na sinema ilikuwa karibu. Kwa hiyo neno «singelipa» linategemea mfuko wa yule anayelisema.

Na wizi hauishii Hollywood. Nchini Nigeria, mwaka 1992, Kenneth Nnebue alitoa Living in Bondage, filme ya lugha ya Igbo. Haikungojea sinema: iliuzwa kwa kaseti, sokoni. Wengi walifuata njia hiyo. Mtengenezaji wa namna hii hana tikiti wala televizyo ya kumlipa baadaye. Soko ndilo sinema yake. Mnakilishaji anasimama kwa meza ya pili, na bei ya chini, kwa sababu hakulipa wachezaji wala kamera. Hapa mnunuzi wa kaseti ya wizi ni yule yule ambaye angenunua ya kweli. Ile hesabu ya 100 × 10, iliyokuwa ya uongo kwa Hollywood, inakaribia kuwa ya kweli kwake.

Zoezi kwa mwaka wa tano: mtengenezaji ametumia dola 6000. Kila kaseti inamwachia dola 2, na anauza 300 kwa siku. Siku ya 6 nakala za wizi zinafika, na kuanzia siku hiyo anauza 40 tu. Feza yake itarudi siku ya ngapi? Kama zisingefika, ingerudi siku gani? Leteni majibu kwa mwalimu wa hesabu, na mwenye diski ahesabu wa kwanza.