Kuondoa Pembe za Ndama

Wafugaji wengi hungoja mpaka ng'ombe amekwisha kumtoboa mwenziwe, ndipo watafute msumeno. Wakati huo kazi imekwisha kuwa ya hatari, nasi twataka kueleza sababu yake, na namna ya kuifanya mapema.

Ndama azaliwapo ana mbegu mbili ndogo za pembe katika ngozi ya kichwa. Ukizipapasa kwa kidole utaona zasogea pamoja na ngozi, kwa kuwa hazijashikamana na fuvu. Apatapo miezi miwili hivi hushikamana nalo, na tangu hapo pembe ni sehemu ya mfupa wa kichwa. Kisha, ndama azidipo kukua, uwazi wa hewa ulio katika mfupa wa paji hupanda ukaingia ndani ya pembe. Basi mtu akatapo pembe ya ng'ombe mkubwa afungua shimo liendalo ndani ya kichwa. Damu huruka, nzi hutaga mayai, na usaha waweza kujaa humo. Kazi hiyo ni ya daktari wa mifugo peke yake.

Heri ifanywe mbegu zingali zikisogea, katika siku kavu zisizo na nzi wengi, wakati wa asubuhi.

Kwanza ndama atiwe ganzi. Mshipa upelekao maumivu ya pembe hufuata ukingo wa mfupa utokao karibu na jicho mpaka penye mbegu, na Bwana Mifugo hupiga sindano ya lignokaini chini ya ukingo huo, kila upande, akangoja dakika 10. Achomwe kidogo kwa ncha ya sindano karibu na mbegu. Akitikisa kichwa, bado. Wako wasemao kuwa ndama mchanga hana maumivu. Hao hawakumtazama jioni yake, jinsi atikisavyo kichwa na masikio na kujikuna kwa mguu. Ganzi nayo huisha baada ya saa chache, kwa hiyo yafaa apewe pia dawa ya kutuliza maumivu, kama meloksikamu.

Nywele zikatwe. Chuma chenye kishimo cha mviringo nchani, kiasi cha kuizunguka mbegu, kipashwe moto mpaka kiwe chekundu. Kichwa cha ndama kishikwe imara, na chuma kizungushwe juu ya mbegu kwa sekunde 10 hivi, bila kukandamiza kwa nguvu, mpaka litokee duara la rangi ya shaba. Duara likikatika mahali, pembe yaweza kuchipuka hapo ikiwa imepotoka. Lakini usizidishe, maana moto ukipita fuvu huudhuru ubongo. Mwana-mbuzi ana fuvu jembamba kuliko la ndama. Asifanyiwe hivi na mtu asiye daktari.

Wengine hutumia kostiki, dawa iunguzayo ngozi, kwa ndama wa siku chache tu. Sisi twapendelea chuma. Kostiki ikinyeshewa mvua huteremka machoni, na ndama akinyonya huunguza kiwele cha mama yake. Mwenye kuitumia na azungushie mbegu vaselini, avae glavu, amtenge ndama na mamaye na kumweka chini ya paa.

Wazee watatuambia pembe ni silaha na fahari. Neno lao lina maana: ng'ombe wa Ankole, au kundi lilalalo porini penye fisi, hatusemi waondolewe pembe. Twasema habari za ng'ombe wa maziwa wafungwao pamoja bandani, wanaosukumana horini na kukamuliwa na akina mama na watoto. Huko nako usichanganye wenye pembe na wasio nazo, kwani wenye pembe watawafukuza wenzao penye chakula.

Gaga huanguka lenyewe baada ya majuma kadhaa, lisibanduliwe. Pakitoka usaha au harufu mbaya, aitwe Bwana Mifugo siku ile ile.

Asiyetaka chuma wala kostiki aweza kutafuta dume la asili isiyo na pembe. Aberdeen Angus ni wa namna hiyo, na ndama wake kwa ng'ombe wenye pembe kwa kawaida hawaoti pembe. Lakini huyo ni ng'ombe wa nyama. Mfugaji wa maziwa na aulize kama mbegu za dume la Friesian lisilo na pembe zapatikana kwa wapandishao ng'ombe kwa mrija.